Nungunungu na Mwiba wa Ukingoni

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa mvua! Aliye karibu na mlango aufunge, asije akatulowesha.

Hapo zamani za kale, kando ya mto, alikaa Mama Nungunungu na wanawe watatu. Shimo lake lilikuwa jipya. Alilichimba miezi mitatu mpaka kucha zikamwisha, na kila mgeni sharti alisifu kwanza ndipo akaribishwe kiti.

Masika yakaingia. Shoga yake, Chura, akamwambia, "Shoga, chomoa mwiba wako mmoja, uchomeke ukingoni. Maji yakiugusa tu, chukua wanao mpande kilimani."

Nungunungu akachomoa, akachomeka.

Asubuhi Chura akaimba:
"Maji yamegusa mwiba,
hama, shoga, hama!"

Nungunungu akatoka, akatazama. Ahame? Aliache shimo hili? Akang'oa mwiba, akausogeza juu hatua kumi. "Mbona bado, shoga! Ona, hayajaugusa."

Adhuhuri Chura akaimba:
"Maji yamegusa mwiba,
hama, shoga, hama!"

Akang'oa, akausogeza hatua kumi. "Bado, shoga!"

Alasiri Chura akaimba tena, mpaka koo likamkauka. Nungunungu akauchomeka mwiba mlangoni pake. "Bado," akasema, akaingia ndani.

Punde si punde maji yakaingia ndani bila hodi. Kitinda mimba akauokota mwiba ukielea. "Mama, sasa tuusogeze wapi?"

Maskini Nungunungu! Shimo alilichimba kwa ajili ya hawa watatu, na sasa lilitaka kuwameza. Hofu ikamshika kwelikweli.

"Tokeni! Acheni mkeka, acheni chungu, tokeni!"

Wakatoka mbio. Njia ya kilimani ilizunguka mbali. Ya mkato ilikata kijito, na maji yalionekana ya magotini tu. Nungunungu akainua mguu avuke.

"We, shoga!" Chura akamrukia mbele. "Mimi nimezaliwa majini, nimeolewa majini, na hapo sivuki! Wewe unakwenda wapi?"

Hajamaliza kusema, gogo zima likapita likibiringishwa na maji. Nungunungu akarudisha mguu upesi.

Basi wakazunguka, kila mtoto kashika mkia wa mwenzake, wakichomana miiba, "Ai! Ai!" njia nzima. Juu kilimani Nungunungu akawahesabu: mmoja, wawili, watatu. Akalilia shimo lake kidogo, kisha akawatazama wanawe, akacheka.

Akachimba jingine hukohuko juu. Mwiba aliokuja nao kitinda mimba akauchomeka chini kabisa ya kilima, na kila aliyeukaribia alimfokea: "Huo hausogezwi! Tunasogea sisi!"

Hadithi yangu imeishia kilimani, pakavu. Maji yakipanda, alama iache, sogea wewe. Na kijito kikifurika usikivuke, hata ukiona ni cha magotini.

Mimi nilipita pale nikataka kuuchukua ule mwiba nichokolee meno. Mama mtu akaniona. Mpaka leo nakalia upande mmoja!