Kwa Nini Mbiu ya Mrindi Hukatika Katikati

Futa machozi, mkamwana, usogee hapa karibu na mafiga. Wifi yako Nakijwa ameshuka mlimani na pembe mkononi, akakupokonya simu mbele za watu, nawe unadhani ni zile chuki za mawifi. Sivyo. Mbiu ilipokatika ulicheka, ukasema mpigaji kaishiwa pumzi, ukatoa simu uirekodi. Hilo ndilo kosa lako. Sikiliza kwanza, halafu ukitaka kununa, nuna.

Kulikuwa na wakati, wala si kale sana, ambapo hapa Mrindi tuliitwa kwa sauti moja tu. Mzee Senkondo alisimama juu ya ukuta wa ndiva, lile bwawa letu la udongo linalotunza maji ya mashamba, akapuliza pembe ya tandala mara tatu, ndefu ndefu. Ukiisikia, unatupa jembe na kupanda mlima. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na sisi tulilijua hilo tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu.

Kisha simu zikaja. Kwanza kitochi, nikajua kupiga na kupokea, nikajiona msomi. Vidole havijazoea, wakaleta ya kupangusa. Nakijwa akaniingiza kwenye kundi la kijiji. Lo! Salamu, maua, sala, ng'ombe wa watu, huyu anacheka, yule anaimba. Nikijibu moja, arobaini zimeshaingia. Nikazoea kuandika, wenzangu wakaanza kutumiana sauti. Nikajua sauti, wakahamia kupigiana kwa video, nami nikawa nawaonyesha watu dari la nyumba yangu. Kichwa kiliniuma, na bado sikuiweka chini! Maharage yaliungua jikoni nikiwa naitazama. Niliiogopa na kuitamani kwa pamoja, kama mtoto na moto.

Sasa, taarifa za mikutano zilikuwa zinamezwa na hayo maua. Ndipo Nakijwa akairekodi mbiu ya Senkondo, akaifanya mlio wa kundi. "Mama, sasa hakuna atakayepitwa," akasema, na uso unang'aa. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwomba aniwekee. Wiki haikuisha, simu zote za Mrindi zilikuwa zinalia mbiu. Senkondo alisikia pumzi yake mwenyewe ikitoka mfukoni mwa mtu, akatabasamu kidogo. Akatuuliza, "Na mimi nikipuliza, mtajuaje?"

Tukamcheka, mkamwana. Tukamwambia mzee una wivu na simu.

Masika yale mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano ikaanuka, na Nakijwa akaenda bondeni, chini kabisa ya ndiva, kupalilia. Mimi nilikuwa barazani nachambua mchicha. Mbiu ikalia. Nikasema, "Haya, nani tena katuma maua?" Ikalia mara ya pili. Jirani yangu akatoa simu, akaitazama, akairudisha kwenye khanga. Ya tatu. Ya nne. Nikaudhika, nikanyanyuka kwenda kuizima yangu.

Simu ilikuwa imezimika. Haikuwa na chaji tangu asubuhi.

Mbiu ya tano ikalia, nayo ilikuwa inatoka juu, kwenye ndiva. Nikatupa mchicha nikakimbia, mimi na magoti yangu haya, nikiliita jina la mwanangu mpaka koo likakauka. Nikafika ukingoni mwa bonde nikamwona kule chini. Kiuno kimeinama, jembe linapanda na kushuka. Alikuwa anaisikia mbiu kama nilivyoisikia mimi, na alikuwa anadhani ni kundi. Ya sita ikalia, naye analima. Nilihisi nampoteza huku namtazama. Ya saba ikaanza, ikafika katikati, ikakatika.

Nakijwa akainua kichwa. Akaachia jembe, akakimbilia lile jabali la kando ya shamba, akaparamia. Maji yalipita pale alipokuwa amesimama, na mawe, na migomba mizima mizima. Nilipomfikia nikamkumbatia. "Mama," akaniambia, "ile ya kwenye simu haikatiki."

Senkondo tulimpata kesho yake. Desturi ilikuwa mara tatu, na baada ya hapo mpigaji ana ruhusa ya kushuka. Alibaki kwa sababu aliona hatuinuki. Ukuta ulivunjika chini ya miguu yake, na pembe ilikuwa ingali mkononi mwake.

Na tangu siku hiyo mbiu ya Mrindi hulia mara mbili kamili, na ya tatu hukatwa katikati, watu wajue kuna mtu anayepuliza. Wala hairekodiwi na yeyote, awe mgeni au mwenyeji. Pembe aliiomba Nakijwa mwenyewe. Haikuwahi kushikwa na mwanamke, lakini hakuna mzee aliyethubutu kumkatalia.

Kwa hiyo hajaishiwa pumzi, mwanangu. Mimi simu ninayo bado, sikudanganyi. Juzi wameongeza kitu kingine humo, sijakielewa na nina hamu nacho. Wifi yako naye anayo yake ileile ya zamani, kioo kimepasuka. Sauti ya Senkondo imo humo, nzima, mpaka mwisho wake. Hajaifuta. Wala hajawahi kuifungulia tena.