Chai ya Bwana Mhando

Bwana Mhando, mtathmini wa miradi ya sanaa, alifika Muheza na ripoti aliyokwisha kuiandika. "Maigizo hayajawahi kumbadilisha mtu," alimwambia Bi Siwema, kiongozi wa kikundi cha maigizo. "Nimependekeza kikundi chenu kifungwe."

"Hutazami hata mchezo mmoja?"

"Sina nafasi."

"Haya, kunywa chai basi, usiondoke na njaa."

Hata hajamaliza andazi, mwanamke aliingia mbio amekumbatia kichanga ndani ya khanga, mwanamume akimfuata na kufoka, "Nenda kwenu! Binti wa tatu huyo, simtaki!"

Bwana Mhando aliruka, chai ikamwagika. "We bwana, mtoto hakataliwi!" Alikaripia, akabembeleza, mwisho akakiri. "Mimi binti yangu nimemsusa miaka miwili kwa kuolewa na mtu nisiyempenda. Usiwe mjinga kama mimi!"

Papo hapo alitoa simu, akapiga. "Mwanangu, nisamehe. Njoo nyumbani. Njoo na mumeo."

Binti alilia kwa furaha mpaka wote wakamsikia. Bwana Mhando alijifuta machozi, akamgeukia yule mwanamume. "Na wewe je, utamrudisha mkeo?"

"Mke gani, mzee? Huyu ni dada yangu."

Mwanamke alifunua khanga. Ndani mlikuwa na boga.

Bi Siwema alimsogezea Bwana Mhando kalamu. "Huo ndio mchezo wetu. Ulisema waliobadilika ni wangapi vile?"