Bibi Aliyevuka na Msiba

Wapendwa, kabla sijalifungua Neno la leo, nipeni masikio yenu kidogo. Nataka kuwapeleka kwenye mji mmoja. Jina lake msiniulize, maana nikilitaja nusu yenu mtasema nimewasema ninyi.

Mji huo juzijuzi tu ulikuwa kijiji chenye gulio. Ukakua haraka, kama mtoto ambaye kila muhula sare inambana. Wakaja watu, zikaja bodaboda, yakaja malori, na mwishowe ikaja barabara pana ya lami, magari mawili kwenda na mawili kurudi. Siku ya uzinduzi watu walicheza ngoma, na walikuwa na haki ya kucheza. Aliyeipanga barabara hiyo alikuwa afisa mipango wa mji, mtu mwema, anayewahi kazini na asiyekula cha mtu. Alipanga taa, akapanga mitaro, akapanga hata miti ya kivuli. Vivuko vya waenda kwa miguu navyo hakuvisahau, ila aliviweka awamu ya pili.

Kando ya barabara hiyo aliishi bibi mmoja. Hospitali ilikuwa ng'ambo, geti lake alikuwa akiliona akiwa amekaa kibarazani. Binti yake alikuwa amelazwa humo, amejifungua kwa kupasuliwa, hana nguvu na maziwa hayatoki. Basi bibi akaamka akapika mtori, ndizi na nyama, akaupondaponda ukalainika, akautia kwenye hotipoti, akajitanda kanga na kutoka. Geti la hospitali lilikuwa likifunguliwa adhuhuri kwa wanaoleta chakula, na baada ya hapo mlinzi hasikilizi mtu.

Akasimama ukingoni mwa barabara. Lori likapita. Akatanguliza mguu, bodaboda ikampigia honi, akarudi nyuma. Akainua mkono kuomba njia, na dereva mmoja naye akampungia, akidhani anasalimiwa. Mnacheka, lakini ni wangapi humu tumeshampungia bibi wa namna hiyo tukapita zetu? Jua likapanda, naye yuko palepale, ameikumbatia hotipoti yake, anaiwazia ile sura ya mwanawe iliyopauka.

Mara msafara wa msiba ukatokea mtaa wa nyuma. Watu wamebeba jeneza kwa miguu, wanaimba, wanaelekea makaburini ng'ambo ya barabara. Na ninyi desturi yetu mnaijua. Lori likasimama. Vijana wa bodaboda wakazima pikipiki, wakavua helmeti. Redio zikanyamaza. Yule afisa mipango naye alikuwa kwenye foleni hiyo. Akashuka garini, akasimama kwa heshima, mikono nyuma.

Bibi akaingia katikati ya waombolezaji, akavuka nao. Walipofika ng'ambo, akauacha msiba uendelee, yeye akakata kushoto kuelekea hospitali.

Afisa alimwona na akakereka, kwa sababu alilelewa kwamba msiba hauachwi njiani. Akaliegesha gari kando, akamfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Samahani, mama. Mbona umewaacha wafiwa kabla hawajafika makaburini?"

"Wala siwajui, baba. Mungu amlaze pema huyo marehemu, amenifaa sana leo. Nina mzazi hospitali hajala kitu, na tangu asubuhi nimeshindwa kuvuka."

Afisa aliona haya. Akasema kwa upole, "Pole sana, mama. Barabara hii niliipanga mimi. Vivuko vinakuja, viko kwenye awamu ya pili. Vumilia kidogo."

Bibi akamtazama bila hasira yoyote, akauliza kama mtu anayeulizia basi la jioni, "Nashukuru, baba. Na leo wakati wa kurudi, unamfahamu mwingine anayezikwa?"

Wapendwa, ungekuwa wewe ungemjibu nini? Afisa alimsubiri bibi pale getini mpaka alipotoka, halafu akaingia barabarani na tai yake shingoni, akanyoosha mikono yote miwili kuzuia magari. Walimpigia honi. Wapo waliomtukana mpaka mama yake mzazi. Lakini bibi alivuka.

Sasa msimcheke huyo afisa, na msiwatupie lawama zote madereva wale. Wale ni sisi. Kusimama tunajua, tena tunajua vizuri, hakuna wa kutufundisha. Mtu akifa tunampa barabara nzima. Akiwa hai, na chakula cha mgonjwa mkononi, tunampa honi. Jirani anaugua mwezi mzima, hatuna nafasi ya kumwona. Akifa, tunaomba ruhusa kazini, tunashona sare, tunalia mpaka tunashikiliwa. Heshima ile yote tulikuwa nayo siku zote. Kwa nini tulimngojesha mpaka afe?

Naongea kwa uchungu kwa sababu nawapenda. Upendo kwa aliye hai tusiuweke awamu ya pili. Wenye vikao vya kupanga mji huu, na mko humu ndani, nendeni mkaanze na anayetembea. Na sisi wengine, ibada hii ikiisha tutatoka kwa geti lile na magari yetu na pikipiki zetu. Nje kuna barabara, na kando yake kuna watu wanaotaka kuvuka. Leo hakuna jeneza. Simameni, wapite.