Fisi Aliyeruka Darasa la Kwanza

Jamani, nipisheni nikae!
— Kaa, tumekupisha!
Nikikaa nitasema!
— Sema, tunasikia!

Basi, palikuwa na Bi Kindi, na Bi Kindi alikuwa na watoto watatu. Aliwafundisha mwenyewe nyumbani, ndani ya tundu la mti, maana shule ilikuwa ng'ambo ya uwanda, na kwenye uwanda ule mwewe hakosekani. Alifundisha kwa mkaa juu ya gamba la mti. Kitabu alikuwa nacho kimoja tu, tena mchwa walikwisha kula nusu.

Ndiyo maana Siti, mdogo kabisa, alijua herufi mpaka M. Kuanzia N zote zilikuwa tumboni mwa mchwa. Pandu, wa kati, alijua kujumlisha, lakini kutoa hakukujua. Na Kidawa, mkubwa, alikuwa wa kusoma sayansi ya darasa la nne, lakini bado alishikishwa kitabu kilekile cha Siti.

"Mama," alisema Kidawa, "hiki nimekikariri mpaka madoa yake."

Bi Kindi akakifuta kitabu vumbi, akamrudishia.

Siku moja habari zikafika mtini: Fisi ameokota sanduku la vitabu njiani! Vya masomo yote, darasa la kwanza mpaka la saba! Bi Kindi akajifunga kanga, akawaambia watoto wasitoke, akashuka, puru puru puru.

Akamkuta Fisi karibu na shina la mti wake, amelikumbatia sanduku kwa mikono miwili. Nyani na Digidigi walisimama pembeni, wanatazama.

"Hodi, Bwana Fisi."

"Niite Mwalimu Mkuu. Nafungua shule ya bweni."

"Hongera, Mwalimu Mkuu. Nilikuwa naomba vitabu vitatu tu."

"Chukua, mama, chukua! Kitabu kimoja, mtoto mmoja. Ukichukua vitatu, watoto watatu wahamie bwenini." Fisi akajipapasa tumbo. "Bweni langu lina joto! Hi hi hiii!"

Bi Kindi akapima moyoni. Akiondoka mikono mitupu, watoto wake watabaki na M na madoa. Akichukua vitabu, hatakuwa na wa kuwasomesha. Akatazama chini, maana hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Naomba nivitazame kwanza," akasema. "Sitaki kuchagua kwa kupenda jalada."

"Tazama. Macho hayali kitabu."

Bi Kindi akatazama. Alifungua kila kitabu katikati, akasoma ukurasa mmoja polepole kama anavyosoma Kidawa, kisha kama anavyosoma Pandu, kisha kama anavyosoma Siti. Akikuta maneno matano ambayo mtoto hayawezi, anakifunga: hiki bado. Akikuta hakuna hata moja, anakifunga: hiki kimempita. Alipofika mwisho alikuwa na vitatu moyoni. Akavirudisha vyote sandukuni, hivyo vitatu akaviweka juu juu.

"Mwalimu Mkuu, nisamehe kuuliza. Wewe mwenyewe umefika darasa la ngapi?"

Nyani akakohoa. "Hata mimi nilikuwa na swali hilo."

Fisi akawaka. "Madarasa yote! Na kama hamuamini, nayamaliza leo hii, mbele yenu!"

"Basi tuanze na hesabu za darasa la kwanza," akasema Bi Kindi. "Kuhesabu mpaka ishirini."

"La kwanza? Mimi, na meno haya? Nipe kile kinene!"

"La kwanza ndilo zuri kuanzia, Mwalimu Mkuu. Nakwambia kweli."

"Kinene!"

Bi Kindi akatoa kitabu cha hesabu cha darasa la saba, akasoma: "Pima kwa hatua umbali kutoka hapo ulipo hadi mtoni." Kisha akasoma mstari mwingine, ambao kitabuni haukuwamo: "Hesabu ikikupotea, rudi uanze upya. Asiyemaliza zoezi hili asiitwe mwalimu."

"Zoezi la kitoto!" Fisi akaliachia sanduku, akaondoka, tipu-kwi, tipu-kwi. "Moja, mbili, tatu… nane, tisa, kumi… kumi na… kumi na…"

"Kumi na ngapi?" akauliza Nyani.

"Mmenipigia kelele! Naanza upya!"

Fisi alipokuwa bado amewapa mgongo, Bi Kindi akachomoa sayansi ya Kidawa, puru puru juu ya mti, puru puru chini.

Fisi akarudi, akaanza. Tipu-kwi, tipu-kwi. "Nane, tisa, kumi… kumi na… Upepo huu! Naanza upya!"

Bi Kindi akachomoa hesabu za Pandu, puru puru juu, puru puru chini.

Fisi akarudi, akaanza. Tipu-kwi, tipu-kwi. Lakini safari hii alipofika tisa akageuka ghafla. Bi Kindi amesimama, kitabu cha tatu kiko kwapani.

"We! Hicho nini?"

Digidigi akafumba macho. Bi Kindi akakinyanyua kitabu juu ili kila mtu akione.

"Ni cha darasa la kwanza, Mwalimu Mkuu. Kina herufi zote, na nyuma kina hesabu, ile ya baada ya kumi. Nikusomee hapa mbele ya watu?"

Nyani akaanza kucheka, kwe kwe kwe.

"Mimi nisomewe cha la kwanza?" Fisi akanguruma. "Kiondoe! Kipeleke mbali, nisikione tena machoni pangu!"

"Kama ulivyoagiza, Mwalimu Mkuu."

Puru puru juu. Safari hii hakushuka.

Mchana uleule Siti aliiona N, akaitazama sana, akauliza kwa nini imechelewa hivyo. Pandu akajifunza kutoa kwa karanga, na kila alichotoa alikila. Kidawa hakusikika; alikuwa anasoma. Na bweni halikufunguliwa, kwa sababu Mwalimu Mkuu mpaka leo yuko njiani, hajafika mtoni, anatafuta kinachofuata baada ya kumi.

Basi, akina mama wenzangu mnaosomesha nyumbani, funzo ndilo hili: msipoteze muda na darasa la kwanza. Mtafutieni mtoto kitabu kinene kuliko vyote, hata kama ndiyo kwanza anaota meno. Kuhesabu hatajua, lakini atakuwa na miguu yenye nguvu sana.

Yangu yameishia hapo. Aliyesinzia afunikwe, aliye macho akamsimulie jirani!