Msichana Aliyerudia Majaribio

Ukimaliza kukisoma kisa hiki, usikifungie kwenye simu yako. Mfikishie mwalimu mmoja na mzazi mmoja unaowafahamu.

Katika sekondari moja ya kata huko Rungwe, kwenye milima ya mashamba ya chai, palikuwa na mwalimu wa hisabati aliyeitwa Atupele. Alikuwa mpole wa sauti, lakini akishaamua jambo, kumgeuza ilikuwa kazi.

Mwaka mmoja shule ililetewa kompyuta zenye programu ya majaribio ya mtandaoni. Mwanafunzi anajibu swali, anabofya, na papo hapo anajua: amepata, linawaka kijani, amekosa, linawaka jekundu. Akikosa anaruhusiwa kurudia, ila programu inambadilishia namba zote, kwa hiyo kukariri majibu hakumsaidii kitu.

Mkuu wa shule, Mwalimu Kasyupa, aliipenda mno programu hiyo. Kila Ijumaa aliwakusanya kidato cha tatu, akawasha projekta na kuwaonyesha majina yao ukutani, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

"Mimi nahesabu jaribio la kwanza tu," alisema. "Anayerudia ni yule yule aliyeshindwa."

Wa kwanza alikuwa Gwamaka, kijana mwepesi wa akili, anayemaliza wenzake wakiwa bado wanasoma swali. Wa mwisho, Ijumaa baada ya Ijumaa, alikuwa msichana mmoja aitwaye Subila. Darasa lilianza kucheka hata kabla jina lake halijafikiwa.

Jioni moja Mwalimu Atupele alikwenda kufunga chumba cha kompyuta. Wanafunzi wote walikuwa uwanjani wakicheza mpira. Ndani alimkuta Subila peke yake, kainamia karatasi.

"Subila, mbona hujaenda na wenzako?"

"Madam, limebaki moja jekundu. Sijajua nilipopotea."

"Lakini alama zako zimeshasomwa. Hazibadiliki tena."

"Najua, Madam. Ila nikiondoka sijalielewa, litanisumbua mpaka kesho."

Atupele akavuta kiti, akakaa pembeni, akasubiri. Swali lilipowaka kijani, binti alitabasamu, akakusanya vitu vyake, akaaga. Tangu siku hiyo mwalimu akawa anamchunguza, na kila alipopita chumba kile saa za michezo, alimkuta pale pale.

Muhula wa pili ikaja barua ya kuzialika shule za mkoa mzima kwenye mashindano ya hisabati, yatakayofanyika kwa programu ile ile. Kila shule ilitakiwa kupeleka mwanafunzi mmoja, na wa kumchagua ni mwalimu wa somo.

Atupele akaandika jina la Subila.

Mkuu wa shule alimwita ofisini, uso umemkunjamana.

"Mwalimu Atupele, umechanganya majina?"

"Hapana, Mkuu."

"Unamwacha Gwamaka unapeleka wa mwisho? Unataka tuwe kichekesho cha mkoa?"

"Mkuu, Gwamaka ana akili sana. Lakini sijawahi kumwona akirudi kwenye swali lililomshinda. Huyu binti sijawahi kumwona akiliacha."

Mwalimu Kasyupa akaitupia macho barua ya mashindano iliyokuwa mezani, kisha akasema polepole, "Sawa. Barua imekupa uamuzi. Lakini akituaibisha, muhula ujao hisabati ya kidato cha tatu nampa mtu mwingine."

Atupele alitoka ofisini. Alilipenda darasa lile kuliko kitu chochote katika kazi yake. Nje akakutana na Subila, aliyekwisha kusikia kwamba amechaguliwa, macho yamemjaa machozi.

"Madam, naomba umpeleke Gwamaka. Mimi watanicheka."

"Huku pia wanakucheka, na hawajakuzuia kufanya hesabu," mwalimu alimjibu. "Nenda kajiandae."

Siku ya mashindano ukumbi ulifurika. Washiriki walikaa mbele, kila mmoja na kompyuta yake, na skrini kubwa ikaonyesha rangi za majibu yao. Atupele alikaa karibu na mkuu wake.

Maswali ya mwanzo yalikwenda haraka. Wengi walipata kijani tupu, Subila akabaki nyuma, nyekundu zake zikiwa wazi kwa ukumbi wote. Mwalimu Kasyupa akashusha pumzi kwa nguvu. Kisha likaja swali la mwisho, na msimamizi, mama mmoja mwenye miwani, akatangaza kwamba atakayelipata wa kwanza ndiye mshindi, na kukosea hakumtoi mtu mchezoni.

Swali lilihusu tangi linalojazwa na mabomba mawili, huku maji yakivuja kwenye tundu lililo katikati ya ubavu wake. Litajaa baada ya muda gani?

Skrini nzima ikawa nyekundu.

Washiriki wakapiga hesabu tena kwa njia ile ile. Nyekundu. Kijana wa shule moja yenye jina kubwa akanyoosha mkono. "Samahani, mashine imeharibika."

"Mashine ni nzima," msimamizi alijibu.

Kijana akafunika kalamu yake, akakunja mikono. Mwingine akainamisha kichwa mezani. Mmoja mmoja wakaacha kuandika. Hawakuwa wajinga. Ni kwamba hawakuwahi kufika mahali ambapo akili yao ya kwanza inagoma, na hapo hawakujua pa kupita.

Subila alikuwa amekosa kama wao. Alirudia, akakosa tena. Atupele akashika kiti kwa mikono yote miwili. Binti akaiweka hesabu yake kando, akaanza kulisoma swali upya, kidole chini ya kila neno. Kisha akachora tangi. Akachora na tundu. Akaitazama ile picha, na ghafla akacheka peke yake.

Maji hayawezi kuvuja kabla hayajafika kwenye tundu! Nusu ya chini inajaa bila kupoteza hata tone. Kuvuja kunaanza nusu ya juu. Akakokotoa nusu hizo mbili, kila moja kivyake, akajumlisha, akabofya.

Kijani.

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Mwalimu Kasyupa alijikuta amesimama, anapiga makofi kuliko wote.

Msimamizi akachukua kipaza sauti. "Leo nawaambia siri," alisema. "Swali hili tulilitunga ili kila mtu alikose mara ya kwanza. Maswali yale mengine yalikuwa ya kuwachangamsha tu. Tulitaka kumwona mtu atafanya nini baada ya kukosa."

Jumatatu mkuu wa shule alisimama paredi, akamwita Atupele mbele. "Mwalimu huyu aliona kitu ambacho mimi sikukiona," alisema, "na nilimtishia yeye na kumdharau mwanafunzi wake. Nawaomba radhi mbele yenu nyote." Kisha akatangaza kwamba tangu siku hiyo kila mwanafunzi atahesabiwa alama ya jaribio lake la mwisho.

Jioni hiyo Mwalimu Atupele alipita chumba cha kompyuta, akakuta hakuna kiti kilicho wazi. Gwamaka alikuwa amesimama nyuma ya Subila na karatasi mkononi.

"Hebu nionyeshe," alikuwa akimwambia, "hapa nimepotea wapi?"

Funzo: Usimpime mtu kwa kosa lake la kwanza, mpime kwa anachokifanya baada ya kukosea.