Viti vya Rangi ya Maziwa

Ndugu zangu waumini, nitegeeni sikio kwa mfano mfupi, na kila mmoja ajipimie nafsi yake, asimpimie jirani.

Paliondokea mwalimu mmoja wa sekondari, mwenye mama mzee aliyepatwa na maradhi ya figo. Mara tatu kwa juma mama yule alipaswa kufikishwa hospitali ya mkoa, damu yake isafishwe kwa mashine. Akikosa siku moja, miguu huvimba. Akikosa zaidi, pumzi humwia nzito. Kwa ajili hiyo, na si kwa jingine, mwanawe alikwenda kwenye yadi ya magari.

Mawili yakamsimamisha. La kwanza lilikuwa dogo, viti vya kitambaa, halinywi mafuta, na bei yake aliimudu. La pili refu, jeusi, limeinama kama chui anayevizia, viti vyake vya ngozi rangi ya maziwa. Akashika mlango wa lile dogo. Dalali akaangua kicheko.

"Mwalimu, hicho si gari, ni kiberiti! Kesho wakikuomba umchukue bibi harusi, utampakia humo na shela lake?"

"Nataka la kumpeleka mama hospitali."

"Ala! Kwani mama hastahili kizuri?"

Mwaona, ndugu zangu, jinsi tamaa inavyojua kuvaa kanzu ya wema? Akauza kiwanja chake, akalichukua lile jeusi, na njia nzima akijiambia: nimemnunulia mama.

Mtaa ukamtambua. Haikupita harusi bila gari lake kutangulia, limefungwa riboni na maua. Wale waliokuwa wakimwita mwalimu wakaanza kumwita bosi. Na mama alipanda siku zake tatu, amekaa ukingoni mwa kiti, mikono ameikunja mapajani. Siku moja, wakirudi kutoka hospitali, kichefuchefu kikamzidi, akatapika. Mwanawe akaegesha kando, akatoa kitambaa, akafuta, akasema kwa upole, "Si neno, mama." Moyoni akajisifu kwa subira yake. Wangapi wangefoka?

Tangu hapo mama akawa na maneno mapya.

"Leo usijisumbue, baba. Jirani atanisindikiza."

"Nenda zako kazini, baba. Nimeshapata wa kunipeleka."

Moyo ulimwambia aulize ni nani huyo; naye hakuuliza, kwa kuwa jibu lile lilimfaa. Juma la pili, muuguzi akampigia simu.

"Mwalimu, mama yuko wapi? Mara nne sasa hatujamwona."

Alimkuta kitandani, uso umemvimba, anavuta pumzi kama mtu apandaye mlima. Akapiga magoti.

"Mama! Si uliniambia unapelekwa? Nani alikuwa akikupeleka?"

"Hakuna, baba."

"Mbona hukuniambia? Gari si hili hapa mlangoni? Si lako hili?"

Mama akamtazama bila hasira machoni mwake.

"Mwanangu, siku ile nilipotapika, ulifuta kiti kwanza. Kisha ndipo ukanifuta mdomo."

Alimbeba mikononi, akamlaza juu ya ngozi ile, akaendesha kama mwenye wazimu. Mashine ilikuwapo, daktari alikuwapo. Muda ndio haukuwapo tena. Kesho yake, baada ya laasiri, walimzika.

Tusimcheke mwalimu, ndugu zangu, wala tusililaani gari. Chuma hakina dhambi. Mtu huyu hakumtukana mama yake, hakumnyima chakula, hakumtoa nyumbani. Kosa lake lilichukua muda wa kufuta kiti. Lakini aliye dhaifu huisoma mikono yetu kabla ya kuyasikia maneno yetu, na akishasoma hasahau.

Sisi je? Ni nani nyumbani mwetu ambaye zamani alikuwa akituomba, na siku hizi haombi tena? Tumemhesabu kuwa ameridhika. Tumeshukuru hata, kwamba hatusumbui. Yumkini ameshatupima, akajua tunachokipenda, akajiondoa njiani ili tusione haya.

Tukishatoa salamu leo, nisimwone mtu akibaki hapa kunisifia maneno. Aende kwa huyo aliyenyamaza, aketi karibu naye, amwulize hali. Na akijibiwa "sijambo", asiinuke upesi.