Turubai la Haraka

Turubai la haraka humziba aliye hai. Mmeyasikia maneno haya leo kwa mama yenu alipowagombeza kwa kumwandikia mwalimu "pumzika kwa amani" kwenye kundi lenu la simu, kumbe mwalimu yuko wodini anakunywa uji. Sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yametoka hapa hapa Isanzo, nami nilikuwa jikoni siku ile nikisonga ugali wa msiba wa mtu ambaye hajafa. Endeleeni kupukuchua mahindi, masikio hayashiki magunzi.

Gidioni Silwimba alikuwa dereva wa malori yaendayo Kongo. Mkewe, Tusekile, alibaki hapa bondeni, na mnajua bonde letu lilivyo: simu za kawaida hazishiki mpaka upande mlimani kule kwenye minara ya mchwa, na hata huko unasikia nusu, nusu nyingine unakisia. Gidioni akivuka mpaka laini yake haipatikani kabisa. Kwa hiyo alimnunulia mkewe dishi la intaneti ya setilaiti, lile bapa kama sinia, ili ampigie kwa picha kila jioni. Fundi alizunguka nyumba nzima akitafuta mahali pa kulifunga. Miparachichi ilikuwa imeziba kila upande. Mwisho akalisimamisha katikati ya uwanja, juu ya nguzo fupi, akamwambia Tusekile kwamba dishi hili halitaki kitu ila kuiona mbingu.

Asubuhi moja ya masika akafika Yoramu, kaka yake Gidioni, juu ya bodaboda, matope mpaka magotini. Alikuwa Tunduma, na huko wenye malori walimwambia kwamba lori la Gidioni limeungua njiani, ng'ambo ya mpaka, pamoja na dereva wake. Namba ya gari ni ile ile. Mwili hautambuliki.

Nisiwafiche, tulipigwa na butwaa. Mimi nilikaa chini na mwiko mkononi, sikujua niuweke wapi. Lakini Yoramu ni mtu wa kazi. Kabla hatujamaliza kushangaa alikuwa ameshawatuma vijana kanisani kuchukua turubai, akagawa watu wa kuni, wa maji na wa kuchimba kaburi. Ndiyo, kaburi, na mwili bado uko Kongo. Turubai likafungwa uwanjani, maana hapakuwa na uwanja mwingine. Mvua ikaanza, watu wakajibana chini yake, moto ukawashwa, nyimbo zikaanza.

Tusekile hakulia. Hilo lilitutisha kuliko kilio. Alikaa mkekani, simu mkononi, akijaribu kumpigia mumewe, na simu ikimwambia hakuna mtandao. Aliyekaa naye bega kwa bega alikuwa Lestituta, mke wa Amosi Nzunda. Waume zao waliajiriwa na tajiri mmoja na walikuwa wakiongozana barabarani, kwa hiyo na wake nao walikuwa kama wamezaliwa tumbo moja. Lestituta ndiye aliyemfunga kanga kiunoni, ndiye aliyemnywesha maji.

Tusekile akasema anataka mtandao urudi. Wazee wakatazamana. Shangazi mmoja akanong'ona kwamba akili imeanza kumtoka. Yoramu akamwambia kwa upole kwamba simu ya marehemu haiwezi kuita.

"Shemeji," Tusekile akajibu, "sijaona mwili, na sijaongea na aliyeuona. Niache nimpigie mara moja tu. Nikimkosa, nitalia."

Lestituta akasimama, akasema mwacheni, kupiga simu si dhambi. Basi wawili wale wakaingia ndani kuhangaika na mitambo, na sisi nje tunaimba. Walizima ruta, wakangoja, wakawasha. Taa ikabaki nyekundu. Wakaangalia betri ya sola, ina moto wa kutosha. Wakaufuata waya kwa vidole toka dirishani, wakiwainua waombolezaji mmoja mmoja kwenye viti, wakitafuta panya alipotafuna. Waya ulikuwa mzima. Watu walikuwa wanashangaa mjane gani huyu anayetambaa chini ya viti vya wageni wake. Yoramu alikuwa amefunika uso kwa aibu.

Lestituta akachukua simu, akapanda mlimani kwenye mvua kuwauliza wenye kampuni ya dishi. Alirudi amelowa chapa, akasimama katikati yetu.

"Wameniuliza swali moja tu," akasema. "Je, dishi linaiona mbingu?"

Yoramu akachoka. Akamjibu kwamba dishi liko uwanjani pale pale fundi alipoliweka, hakuna aliyeligusa, hakuna mti uliosogea, na mbingu iko wazi tangu Mungu aiumbe. Sote tukaitikia kwa vichwa. Watu wazima, wanangu, mchungaji akiwemo, tumekaa pale tunaitikia. Lestituta akatazama juu.

"Hiyo mbingu iko wapi, shemeji?"

Tukainua macho. Juu ya dishi, juu ya vichwa vyetu, turubai lilikuwa limebeba maji ya mvua ya tangu asubuhi, limening'inia kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Sijui niwaambieje nilivyojisikia. Tulikuwa tumekaa ndani ya jibu.

Tusekile hakungoja mashauri. Alikwenda kwenye mti wa kwanza akaanza kufungua kamba. Hapo ndipo kelele zilipozuka, kwa sababu turubai la msiba halishushwi kabla ya kuzika, na mjane ndiye wa mwisho kuligusa. Shangazi akajishika kichwa. Yoramu akamfuata amzuie mkono, lakini Lestituta alikuwa ameshafika kwenye kamba ya pili. Akaifungua akiwa anamtazama Yoramu machoni. Turubai likaanguka upande mmoja, maji yote yakamwagika juu ya moto, juu ya sufuria, juu ya mchungaji na kitabu chake. Tukabaki tumesimama kwenye mvua.

Taa ndani ikageuka nyeupe. Simu ya Tusekile ikaita hata hajaigusa.

Ilikuwa sura ya Gidioni. Amevimba macho, shati limechanika begani, lakini ni yeye, anasema, anafoka kwamba amepiga tangu asubuhi, tumekuwa wapi. Akaona watu nyuma ya mkewe, akaona kanga nyeusi.

"Mnamlilia nani hapo nyumbani?" akauliza.

Yoramu akaketi kwenye matope. Tusekile ndiye aliyeanza kulia sasa, kilio alichokuwa amekibana tangu asubuhi, na sisi tukapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Mimi nilimkumbatia mtu ambaye tulikuwa hatusalimiani. Na Lestituta, anacheka na machozi yanamtoka, akaingiza uso kwenye simu kando ya mwenzake.

"Shemeji, umetuua leo," akasema. "Hebu nipe na huyo mwenzako wa safari nimsalimie."

Gidioni alimwona, akageuza uso pembeni. Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Akasema, "Shemeji, kaa chini kwanza." Lestituta hakukaa. Ndipo Gidioni akaeleza, sauti ikimkatika, kwamba mpakani yeye alishikwa na homa, na lori lake ndilo lililokuwa na mzigo wa haraka. Wakabadilishana. Amosi akatangulia na lile la Gidioni, yeye akafuata nyuma na la Amosi.

Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakiganda pamoja. Furaha bado ilikuwa midomoni mwetu, hatukujua pa kuitupa. Wengine walikuwa bado wameinua mikono. Yule aliyemliwaza mwenzake tangu asubuhi, aliyepanda mlima kwenye mvua, aliyefungua kamba kwa mkono wake, ndiye aliyekuwa mfiwa, na sisi tulikuwa tumemtuma maji.

Yoramu akainuka kwenye matope. Mazoea ni mazoea: akaanza kuokota turubai, akawaita vijana walibebe mpaka uwanjani kwa Nzunda, na wachimbaji wasiache kazi. Lestituta akakanyaga pembe ya lile turubai.

"Liacheni hapo," akasema. "Asubuhi mlikuwa na hakika vile vile. Gidioni aje aniambie uso kwa uso kwamba amemwona. Turubai la haraka humziba aliye hai."

Tungembishia kwa mdomo gani? Tulikaa naye uwanjani kwake bila turubai, mvua inatunyea, tukijifunika miavuli na majani ya migomba, na simu ya Tusekile, maana nyumba zao zimepakana na mtandao wa dishi unafika, iko magotini mwa Lestituta kwa sababu labda Amosi naye angepiga. Kila ilipoita alishtuka, nasi tulishtuka pamoja naye. Moyoni tulijua. Lakini hakuna aliyeimba, hakuna aliyesema "marehemu", hata Yoramu.

Gidioni akafika na gari lililobeba jeneza. Lestituta alimsubiri mlangoni.

"Ulimwona?"

"Nilimwona, shemeji. Mimi ndiye niliyemtoa. Saa yake hii hapa."

Akaipokea, akaivaa mkononi, akamgeukia Yoramu.

"Sasa fungeni turubai."

Tukafunga. Tangu siku hiyo habari ya kifo ikiingia Isanzo, mtu akikimbilia kamba huulizwa kwanza, nani ameona? Na akijibu kwamba amesikia tu, huambiwa aziache kamba chini, maana turubai la haraka humziba aliye hai.